Paka Wenye Vitambaa Vyekundu

Watu wa Malaba wana mdomo. Wanasema Petronilla hakuzaa vya kutosha, ndiyo maana alijaza paka nyumbani. Nilizaa! Nilimzaa Ajiko, ameolewa Amukura na ana watoto wake, na mimi naitwa Mama Ajiko mchana kweupe. Lakini ukiwa mjane mwenye mtoto mmoja na kibanda cha chai, halafu paka wakufuate, basi umekwisha. Utapewa majina yote.

Paka sikuwatafuta mimi. Waliletwa na mpaka. Mtu wa huku akichoka na paka wake hamuui, anaogopa. Anamtia kwenye gunia, anamzungusha asijue njia ya kurudi, halafu anampa turniboi, utingo wa lori, akamtupe mbele ya safari. Waganda wanatupa wao huku, sisi tunatupa wetu kule, na kila mtu anaapa kwamba paka amehama mwenyewe. Sasa foleni ya malori inasimama hapo mbele ya kibanda changu siku na siku. Turniboi anachoka na gunia linalolia, anafungua. Mnyama anatoka hajui Kenya wala Uganda, anakuja chini ya meza yangu. Nifanye nini, nimpige teke?

Nikawa nawalisha. Benta, Mjaluo wa upande wa ziwa aliyeuza samaki karibu na mimi, alinipa vichwa na matumbo, nikachemsha, nikatoa miiba. Wenye vidonda niliwaosha kwa maji ya chumvi. Wakipata nguvu niliwatafutia makao kwa wenye stoo za mahindi, lakini si kila mwenye stoo. Kuna watu wanaamini paka akishiba hakamati panya, wanamfungia na njaa mpaka anashindwa hata kulia. Hao niliwanyima. Na niliyempa nilikwenda kumwangalia baadaye, naingia karibu bila hodi, natazama kama kuna maji, kama kuna sumu ya panya kwenye pembe. Walinichukia kwa hilo. Shauri yao.

Mmoja sikumpa mtu. Alikuwa dume, rangi ya jivu, sikio moja limekatika, na alipotupwa mguu wake ulikuwa umeungua kwa mafuta ya moto. Nilimuuguza masika yote. Alipopona akaanza kwenda kushinda kwenye ofisi ya wakala wa forodha, juu ya karatasi za watu, akiwatazama madereva kana kwamba yeye ndiye wa kuwagongea muhuri. Wakamwita Karani. Jioni alirudi kwangu, akalala miguuni mwangu nikichambua maharagwe. Nilimpenda yule paka. Sioni haya kusema.

Mwaka wa tisini na sita mbwa mwenye kichaa alimuuma mtoto wa Okiria, mwenyekiti wa kamati ya soko letu. Mtoto akafa. Nilikwenda matangani nikalia na mama yake, maana kifo cha namna ile hakitakiwi kuonwa na mzazi. Baada ya mazishi kamati ilikaa ikatoa amri: mbwa na paka wote wapelekwe wachanjwe, wafungwe alama, na kuanzia Jumamosi ya soko, atakayekutwa bila alama apigwe rungu. Sikumlaumu Okiria. Ningefiwa mimi pengine ningesema vivyo hivyo.

Daktari wa mifugo alikuja kutoka Busia, kijana mpole, si mtu wa huku. Alama aliyokuja nayo ilikuwa kitambaa chekundu cha kufunga shingoni, mabaki ya fundi wa sare za shule. Kwa mbwa, hakuna neno. Lakini paka! Huku kwetu paka mwenye kitu chekundu shingoni ni paka aliyetumwa. Mtu fulani amemtuma nyumbani kwa mtu, na akishapita hapo, lazima kuna atakayetoka amebebwa. Hata mtoto anayejifunza kutembea ameshaambiwa.

Mimi na Benta tulikuwa tumewabeba kwenye vikapu na magunia, soko zima likitucheka. Benta akanivuta mkono.

"Mama Ajiko. Nyekundu? Kwa paka?"

"Wasipofungwa wanakufa Jumamosi."

"Muulize kama ana rangi nyingine, aki."

Nikamuuliza. Hakuwa nayo. Basi wakachomwa sindano mmoja mmoja, wakafungwa, na vile walivyokuwa wakifungwa kile kicheko kilipungua, kikaisha. Watu walianza kuondoka bila kutuaga. Afadhali wangeendelea kutucheka.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Nanjala, muuza ndizi. Mkaza mwanawe alikuwa mjamzito, na siku chache baada ya chanjo mimba ikaharibika. Wakamuuliza yule mkaza mwana kama aliona kitu. Akasema ndiyo, aliona paka dirishani, shingo nyekundu. Si angemwona! Karani alipita dirisha lile kila asubuhi akienda ofisini kwake, na hakuna mtu aliyewahi kumtazama mara mbili. Lakini huzuni ikishapata mtu wa kulaumiwa, hakuna wa kuirudisha nyuma.

Chai yangu ikaanza kulala sufuriani. Madereva nao wakaambiwa, wakahamia kwingine. Kisha mtu akampiga jiwe jike mmoja madoadoa, akavunjika mgongo, akaja akijikokota kwa miguu ya mbele mpaka mlangoni. Nilikaa naye chini, nikamshika kichwa mpaka akakata roho. Benta alilia. Mimi nilitukana, tena kwa sauti, nikitaka wasikie wote.

Wakaja kweli. Wanawake wa soko, Nanjala mbele, na nyuma yao Ochom, askari wa soko, na rungu lake.

"Toa hivyo vitambaa," Nanjala akasema. "Ama tuchome nyumba, na wewe ukiwa ndani."

"Nikivitoa Ochom atawaua! Kwani wewe hukusikia amri?" Nikamgeukia Ochom. "Sema wewe. Nikivitoa utawaacha?"

Ochom akakohoa. "Amri ni amri, mama. Asiye na kitambaa, ni rungu."

"Mmesikia? Wakiwa navyo mnawaua nyinyi, wakikosa anawaua yeye. Haya, nionyesheni pa kupita!"

Nanjala alinitazama tu, macho yamevimba kwa kulia, akasema mwisho ni Jumamosi. Nikaenda kwa Okiria. Alikuwa amekaa uani, hajanyoa, na shati la kilioni bado mwilini. Nilimwomba awaambie wale wanawake kwamba kitambaa ni cha kamati, si cha mchawi.

"Mama Ajiko," akasema, "mimi nimezika mtoto. Usiniletee mambo ya paka."

Nikaondoka.

Jumamosi alfajiri niliwafungia wote ndani, Karani na wenzake. Nikampa Benta ufunguo. Nikamwambia asifungue kwa mtu yeyote, hata Okiria mwenyewe, mpaka nirudi. Nikapanda gari la kwanza kwenda Busia kumtafuta yule daktari.

Nilimkuta akinawa mikono nyuma ya ofisi. Nilimweleza, na nitamsifu kwa hili: hakunicheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa, akasema, "Mama, hakuna aliyeniambia." Aliingia ndani akavua shuka la buluu kwenye kitanda chake mwenyewe, akalichana vipande, akanipa mkononi. Akaniambia niwabadilishie siku hiyohiyo, na kesho yake asubuhi atakuja kuzungumza na kamati. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Njia nzima nilishika vile vitambaa mapajani nikiwaza nitaanza na nani, na jinsi Karani atakavyonikwaruza.

Niliposhuka Malaba niliona watu wamesimama karibu na nyumba yangu. Hawakuwa na kelele. Nikaona mlango uko wazi.

Paka wangu walikuwa wamepangwa kando ya mtaro. Shingo zao zilikuwa tupu, wote. Ochom alikuwa akiokota mmoja aliyekuwa bado kwenye majani, akamweka na wenzake taratibu kabisa. Aliponiona alivua kofia.

"Hawakuwa na vitambaa, mama," akasema. "Niliangalia mmoja mmoja kwanza. Haki ya Mungu niliangalia."

Karani alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Nilipiga magoti nikamgeuza. Bado alikuwa na joto. Mtu mmoja pale, sijui alifikiri ananifariji, akasema huyo wala hakukimbia, alimwendea Ochom akamjisugua kwenye miguu, pengine alidhani ana chakula mkononi. Nilimwambia yule mtu aondoke mbele yangu kabla sijamuua.

Benta alikuwa amekaa kizingitini, kichwa kwenye magoti.

"Nilikwambia usifungue," nikasema.

"Walikuja na mafuta ya taa. Walishamwaga kwenye ukuta, Mama Ajiko, nusa mwenyewe. Nikawaambia ngojeni. Nikaingia nikakata vitambaa vyote, nikaja kuvichoma mbele yao. Wakasema hapana, waliobaki navyo umewaficha, watoe tuwaone. Nikawatoa. Wakawaangalia, wakaridhika, Nanjala hata akanishika mkono. Walipoondoka nikawa nawaita ndani. Hao hawanijui mimi kama wanavyokujua wewe. Walikuwa wameshatawanyika kwenye jua, na Ochom na wenzake wakatokea."

"Umewaua."

"Nimeokoa nyumba yako!"

"Nani alikuomba nyumba?"

Akanitazama kama nimempiga kofi. Nilijua yeye hakuwa na mahali pa kupita, kama mimi nisivyokuwa napo. Nilijua pia kwamba Malaba nzima hakukuwa na paka salama kuliko wale, wamechanjwa mpaka wa mwisho, na wameuawa kwa kutochanjwa. Lakini Ochom alikuwa na amri, na Nanjala alikuwa na msiba, na Okiria alikuwa na msiba mkubwa zaidi. Aliyebaki wa kumchukia alikuwa Benta peke yake, aliyenipenda. Nikamwambia aende. Nilichimba shimo mwenyewe kwa jembe, na vile vitambaa vya buluu nikawafunika navyo, maana sikuwa na kazi nyingine ya kuvipa.

Daktari alikuja kesho yake kama alivyoahidi. Alisimama juu ya ule udongo mpya, akasema pole, pole sana mama, akaenda kuongea na kamati. Waliongea muda mrefu. Sikuuliza wameamua nini.

Wiki iliyofuata wateja walirudi. Walirudi wote, tena kwa vicheko, kana kwamba nilikuwa nimelazwa hospitali nikapona. Nanjala mwenyewe alivuka barabara akaketi kwenye benchi langu. "Mama Ajiko, niwekee chai, maziwa yawe mengi." Akaniambia mkaza mwanawe anaendelea vizuri, ameanza kula. Nikamwambia nashukuru. Kwa hasira nikaimimina chai mpaka ikafurika kwenye sosa, na yeye akanihurumia, akasema uzee huo, tupumzike jamani.

Benta hakurudi kwenye meza yake siku nyingi. Aliporudi, alikuja kwanza kwangu, nyumbani, asubuhi. Alikuwa ameshika kitu kwenye khanga. Akafunua. Paka mdogo, hajajaza kiganja, jicho moja limeziba kwa usaha, anapiga kelele kubwa kuliko mwili wake.

"Nimemtoa kwenye foleni," akasema. "Turniboi alikuwa anamrusha chini. Nimekuletea wewe."

Nilimtazama. Jicho lile lingepona. Nilijua lingepona, nimeosha mabaya kuliko hilo.

"Chemsha maji, yapoe yawe ya uvuguvugu," nikamwambia. "Chumvi kidogo tu, kama ya kuonja. Umwoshe asubuhi na jioni, ukitokea ndani kwenda nje. Samaki umponde na supu yake, kidogo kidogo, usimshibishe mara moja. Na umlaze karibu na jiko, si ndani ya majivu."

"Mimi sijui paka, Mama Ajiko. Wewe ndiye unawajua."

"Utajifunza."

"Mume wangu hawezi kukubali. Unajua hawezi." Alimsogeza karibu na mimi. "Hapa ndipo pao. Mchukue tu. Kama ni mimi unanichukia, nichukie, lakini huyu mchukue."

"Benta, nikimponyesha huyu, atakwenda wapi?"

Akatazama barabara, soko, ile nyumba ya Nanjala ng'ambo.

Kwa miaka yote ile sikuwahi kumkataa paka hata mmoja. Nilimfunika yule mdogo na pindo la khanga ya Benta, vizuri, baridi isimwingie, nikaufunga mlango wangu. Nikamsikia Benta akiondoka, na yule paka akilia, na nikaendelea kumsikia mpaka walipovuka reli.