Posa ya Kitatange

Mie Kazija sina ugomvi na samaki. Nampenda wa nazi, nampenda wa kupaka, na wa kukaanga ndiyo usiseme. Lakini samaki wa kuwekwa sebuleni, watu wazima wakae wamtolee macho? Hayo aliyaleta mume wangu Hamad, fundi redio, mtu mwenye akili zake timamu mpaka siku hiyo.

Ilikuwa miaka ile baada ya sitini na nne, televisheni haijatufikia Unguja. Hamad aliona picha kwenye gazeti la nje: sanduku la kioo, na ndani yake bahari ndogo, matumbawe, mchanga na samaki wa rangi. Basi, kashikika! Akaenda Darajani, akamganda fundi chuma mpaka akamtengenezea fremu. Na vioo unajua kavitoa wapi? Kwenye kabati langu la vyombo, mwenzangu! Kabati nililopewa na mama siku ya harusi yangu. Nilipopiga kelele akanambia, "Mama Tamima, vikombe vinaonekana vizuri zaidi bila ya kioo."

Maji ya mwanzo aliyachota bombani, akatia chumvi yangu ya jikoni, akakoroga kwa mwiko. Samaki wa mwanzo hakuifikia hata adhuhuri. Tukamla na wali. Ndipo Hamad akaanza kupanda gari la Matemwe, anarudi na madebe ya maji ya bahari na mawe ya matumbawe, abiria wenziwe wamelowa miguu wanamlaani. Kwa pumzi ya samaki akatafuta mpira wa ndani wa gurudumu la lori, akaujaza upepo kwa bomba la baiskeli, akauunga na mrija mwembamba uliotoa viputo mle majini. Upepo ukipungua, lazima mtu apige bomba. Mtu nani? Mimi! Nshaacha maandazi yakaungua kwa ajili ya pumzi za samaki.

Samaki mwenyewe alikuwa kitatange, wa manjano mwenye mistari myeusi, bapa kama sahani, na maringo tele. Hamad akimwita "mwanangu". Mtaa mzima ukawa unakuja kumtazama, na kahawa natoa mimi.

Wakati huohuo binti yetu wa pekee, Tamima, alikuwa anampenda Sleiman, karani wa bandarini. Kwa ajili yake alishawakataa wachumba wawili. Sleiman akamwomba ami yake, Mzee Mkadam, alete posa. Na huyo Mzee Mkadam sote tunamjua: ukimrudisha mlangoni mara moja, harudi tena, wala hamruhusu mtu wake arudi. Ikafika siku yenyewe.

Asubuhi nilimwambia Hamad, "Baba Tamima, alasiri anakuja Mzee Mkadam, ana maneno na wewe." Kichwa chake kimo sandukuni, anapanga mawe.

"Naam, naam," akanijibu. Mie mjinga nikadhani kasikia.

Wakaja wazee watatu. Wanaume wakakaa sebuleni, mimi na Tamima nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi. Sasa Mzee Mkadam ni mtu wa mafumbo. Kwake yeye posa ikisemwa waziwazi si posa.

"Hamad," akaanza, akijipapasa ndevu, "humu ndani mwako mna lulu. Imetupendeza, na tumekuja kuiomba."

Hamad akaguna. "Nilijua tu. Jana kaja bwana mmoja wa hoteli, naye kamtaka."

"Wa hoteli?"

"Ati atamweka pale mlangoni, wageni wakiingia wamtazame."

"Astaghfirullah!"

"Nikamfukuza."

"Umefanya la maana. Kwetu sisi atakaa kwa heshima, pamoja na wenzake."

"Wenzake? Thubutu! Huyu hakai na wenzake. Nilimletea mmoja kutoka Matemwe, akamtafuna mpaka akamuua."

Nikasikia kikombe kinaanguka. Tamima akanikamata mkono, kucha zote zikaniingia. "Mama, Baba ananiharibia!" Nikakohoa. Nikakohoa tena, kikohozi cha mtu wa kufa. Hamad hata hakugeuka.

"Na… chakula chake?" Mzee Mkadam akauliza, sauti imepungua.

"Kamba wabichi. Ukimpa kingine anatema."

"Anatema!"

"Tena mchana kutwa yu uchi mbele ya macho ya watu, hana haya hata kidogo. Lakini nampenda hivyohivyo. Nimemnyemelea mwenyewe majini, nikamtia ndooni. Simtoi! Mkitaka, wapo tele Matemwe, kavueni wenu."

Mzee Mkadam akasimama, anatafuta makubadhi yake kwa mguu. "Twendeni," akawaambia wenziwe. "Tumeshajibiwa."

Tamima alikuwa analia bila ya sauti, kanga kaiuma kwa meno. Nikasema adabu baadaye! Nikalivuta pazia nusura ling'oke.

"Hamad! Wanamposa Tamima! Binti yako! Nani analitaka lisamaki lako?"

Mzee Mkadam akamtazama Hamad, akalitazama sanduku, mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Aliyemtafuna mwenzake…"

"Samaki," Hamad akasema.

"Na wa hoteli…"

"Alimtaka samaki."

"Alhamdulillahi!" Akakaa tena, anajifuta machozi. "Sisi tunamtaka Tamima."

Hamad hakucheka. Alimtazama Tamima aliyesimama nyuma yangu, midomo ikawa inamcheza. Mie nimeolewa naye miaka yote ile na sijapata kumwona vile, moyo ukaniuma. Akachukua ndoo, akamteka kitatange wake pamoja na maji, akamsogezea Mzee Mkadam miguuni.

"Mchukueni huyu," akasema. "Tamima niachieni."

Tamima akapita mbele ya wazee bila ya kuona haya, akaiinua ndoo, akammimina kitatange sandukuni, kisha akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, kina Sleiman wako mtaa wa pili tu. Ukiniita nitakuitika."

Hamad akafikiri.

"Tamima," akaita palepale.

"Naam, Baba."

Akajipangusa uso kwa mkono uliolowa maji ya chumvi, akawageukia wazee. "Haya," akasema. "Mchukueni."