Tope Lililopangwa Upya

Kidege alikuwa amekaa chini ya meza ya maabara, miguu kainyoosha, na mbele yake amepanga keki za tope, kila keki na kipambo chake cha ganda jeupe la konokono.

"Mama, karibu keki," alisema. "Hii yako. Yako ina maganda mawili."

Mama yake alikuwa mlangoni, ndoo mkononi. Alitoka kidogo tu kubadilisha maji ya kupigia deki. Kidogo tu, akajitetea moyoni, kama vile kuna mtu kamuuliza. Ndipo alipoinua macho akaliona lile bomba la plastiki juu ya meza, lililopasuliwa kwa urefu kama mwanzi. Nailoni iliyolifunika ilikuwa imetupwa pembeni, na katikati, palipokuwa pamejaa tope, pamebaki mtaro mtupu wenye alama za vidole.

Mtoto hakutakiwa kuwa humo hata kwa dakika moja. Lakini dada yake Kidege, aliyekuwa akibaki naye nyumbani, alikuwa amepata kazi mji mwingine, na tangu hapo Mama Kidege alimpitisha mwanawe mlango wa nyuma, kajifunga naye ndani ya khanga.

"Mimi sijaona mtoto," mlinzi alikuwa akimwambia kila asubuhi. "Nimeona mfuko wenye miguu. Pita upesi."

Na hilo tope halikuwa tope la hivi hivi. Daktari mwenyewe alikuwa amemweleza, siku moja alipoinua miguu juu ya kiti ili deki ipite. Huyo Daktari hajawahi kumdunga mtu sindano maishani mwake. Mgonjwa wake ni ziwa, ndiyo maana jengo zima lilimwita Daktari wa Matope.

"Usidhani ziwa letu limekuwepo tangu dunia iumbwe, Mama Kidege. Palikuwa na mto tu. Kilima kikaporomoka, kikauziba, maji yakakosa pa kupita yakajikusanya. Na tangu siku hiyo halijatulia. Linavimba, linanywea, linavimba tena. Likivimba linaacha tope laini na konokono. Likinywea inabaki mizizi ya majani. Ukizamisha bomba ardhini ukalitoa, umeishika historia yake yote mkononi: ya karibuni iko juu, ya kale iko chini."

Bomba hili lilitoka kwenye uwanja wa nyuma ya soko, ambako nyumba zimeota kama uyoga. Misimu ya karibuni ziwa lilikuwa likipanda, na mamlaka ya ziwa ilitaka kujua kama maji yaliwahi kufika pale miaka ya karibuni. Konokono wakionekana karibu na juu, basi pale ni mahali pa ziwa, litaparudia, na watu wahame. Wakiwa chini kabisa, watu wabaki na wachimbiwe mfereji wa kupunguza maji. Jibu lilisubiriwa siku ile ile. Daktari alilipasua bomba jana jioni, umeme ukakatika kabla hajalitazama, akalifunika na kusema, "Litanisubiri. Tope halikimbii."

Mama Kidege alimpiga mwanawe vikofi mikononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akaziokota keki moja moja na kuzirudisha kwenye bomba. Alikandamiza, akalowesha vidole, akalainisha kwa mgongo wa kijiko mpaka tope likang'aa kama ukuta uliopigwa lipu na fundi. Yakabaki maganda kwenye kiganja chake. Yalikaa wapi haya? Hakujua. Akayapachika huku mwisho, upande wa juu, ambako tope lilikuwa laini, akiyaachia nafasi nzuri nzuri. Na kwa kweli yalipendeza.

Alikuwa ndiyo kwanza amemkimbiza mtoto kwa mlinzi na kurudi, Daktari akaingia, akavaa miwani, akainamia meza. Mama Kidege aliushika mti wa deki kwa mikono miwili.

"Mama Kidege! Njoo! Njoo uone!"

Akajikokota.

"Konokono! Huku juu!" Daktari alikuwa amemshika mabega, anamtikisa kama shoga yake wa utotoni. "Unajua maana yake? Ziwa lilikuwa pale sokoni juzijuzi tu, bibi zetu wakiwa wasichana. Na wewe ndiye mtu wa kwanza kuambiwa."

Akachukua simu hapo hapo, akampigia ofisa wa mamlaka ya ziwa, yule wanayemwita Bwana Mipaka. "Andaeni rangi nyekundu," alimwambia. "Nyumba zote za nyuma ya soko zipigwe alama, watu wahame. Ndiyo, nina hakika. Ninawaona kwa macho yangu."

Mama Kidege alirudi kwenye ndoo yake. Alipiga deki pale pale palipokuwa pameshapigwa. Akisema, kazi hana, na uso wake hana pa kuuweka. Asiposema, siku tatu hazipiti jambo litasahaulika, nani atamshuku mfanya usafi? Lakini alizijua zile nyumba; hupita hapo kila jioni. Kuna bwana mmoja alikuwa ndiyo kwanza anatia madirisha, anayafuta vioo kwa shati lake mwenyewe. Akamwona akilini akiyang'oa yale madirisha kwa ajili ya keki.

"Daktari," alisema, "hao konokono nimewaweka mimi."

"Umewaweka wapi?"

"Hapo. Nimewapanga."

Daktari akacheka. "Wewe na utani wako!"

"Si utani, Daktari." Aliuegemeza mti wa deki ukutani. "Nilimleta mtoto. Akafinyanga tope. Nikalirudisha ili usijue."

Daktari alichukua kisu, akalikwangua lile tope juu juu. Chini ya ule mng'ao, jeusi na la kijivu lilikuwa limechanganyika, na katikati yake umenasa uzi wa deki. Akaketi taratibu. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Nilipaswa kulikwangua kwanza," alisema kwa sauti ndogo. "Furaha ilinipanda kichwani. Sasa nitamwambia nini yule mtu?" Akaichukua simu, akaiangalia tu.

"Nipe niseme mimi."

Bwana Mipaka alipokea haraka. "Eeh, Daktari!"

"Si Daktari. Ni mfanya usafi. Rangi msipake, baba. Wale konokono hawakuwa pale juu. Mwanangu aliwatoa, mimi nikawarudisha mahali nisipopajua."

"Mwanao ni mtaalamu wa nini?"

"Ana miaka minne."

Upande wa pili kicheko kikapasuka. "Jamani, hebu njooni! Rudia, mama, rudia na hawa wasikie."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akarudia. Alianza mwanzo, akaeleza khanga, mlango wa nyuma, keki, kijiko, akiwasikia watu asiowajua wakivunjika mbavu ofisini kwao. Hakumtaja mlinzi. Alipomaliza, Bwana Mipaka alisafisha koo. "Haya. Makopo ya rangi tunayafunika. Ila chimbeni jingine kabla ya mvua, uwanja ukishalowa hapachimbiki. Mwambie na Daktari wako."

Akairudisha simu kwa mikono miwili, na pamoja nayo ufunguo wa maabara. Daktari aliupokea ufunguo. Hakumwambia chukua tena.

"Ungeniambia tu huna wa kumwachia."

"Niliona haya."

"Haya ya nini? Ya kuwa na mtoto?"

Mama Kidege alijiuliza na yeye. Haya ya nini hasa? Ya kuomba, labda. Ya kuonekana mtu wa shida kila siku. Na sasa ameonekana mtu wa shida na ofisi nzima ya mamlaka ya ziwa, na bado amesimama kwa miguu yake.

"Kesho nakwenda kuchimba," Daktari alisema akikunja nailoni, bila kumtazama. "Watu wangu wawili wanaumwa. Nahitaji mikono ya kubeba na kufunga. Humu ndani sitaki kukuona kwa sasa, sitakudanganya."

"Nitakuja." Alifika mlangoni, akasita. Uso ulimwaka moto kuliko pale kwenye simu, lakini akageuka na kulisema kwa sauti ya kusikika. "Ila Daktari, kesho pia sina wa kumwachia mtoto."

Daktari alivua miwani. Alilitazama bomba, akamtazama yeye, akalitazama tena bomba.

"Anapenda kuchimba?" akauliza.