Jina Halimo Kwenye Orodha

Kompyuta ile Elikana alimnunulia mkewe, na ukoo mzima ulikuwa unajua. Aliitaja kwenye ubatizo wa binti yao Happy, akaitaja hata kwenye matanga ya shangazi yake, watu wakiwa bado wanafuta machozi. Kitu kimoja tu hakukitaja: kwamba ndani ya kompyuta hiyo ya mkewe, mkewe alikuwa mgeni.

Aliiwekea mfumo wa Linux, akisema haushikwi na virusi, halafu akajiweka yeye msimamizi na Emerensiana mtumiaji wa kawaida. Mtumiaji wa kawaida anaandika barua, anasikiliza nyimbo za kwaya, anazima. Akitaka kuongeza programu au kufungua folda ya mwenziwe, anakataliwa. Mwenye ruhusa alikuwa Elikana peke yake, naye alifanya kazi Muyinga, kwenye kampuni ya kupitisha mizigo ya mpakani, akirudi nyumbani Gitega Jumamosi moja na kuruka nyingine.

Mwaka uliopita Emerensiana alijaribu mara moja kuunganisha printa. Alifungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, akanakili amri iliyokuwa kwenye karatasi ya maelezo ya printa, na skrini ikamjibu kwa Kifaransa kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya walioruhusiwa, na kwamba tukio hilo litaripotiwa. Akaufunga upesi. Yeye alikulia kambi ya wakimbizi, Tanzania, na kambini asiye kwenye orodha ya mgao alirudi nyumbani na ndoo tupu. Kabla hajatulia, simu ikalia. Alikuwa Elikana, kama kila siku saa sita, akiuliza leo umeshinda ukifanya nini. Emerensiana alipokiri, Elikana alicheka kwa upole, akamwambia mashine ile haifichi kitu, ukiigusagusa inamletea habari huko huko Muyinga. Tangu siku hiyo Emerensiana aliifungua kwa adabu, kama mtu anayeingia ofisi ya watu.

Tusimsingizie Elikana: hakuwa mume wa kupiga wala wa kulewa. Alikuwa mume wa kutunza. Alitunza funguo, alitunza vitambulisho, alitunza vyeti. Cheti cha ualimu cha mkewe, alichokipata kambini, kilikuwa Muyinga ndani ya sanduku la chuma, eti Gitega kuna mchwa. Picha ya cheti hicho ilikuwa kwenye kompyuta, ndani ya folda ya Elikana.

Jumatano, Emerensiana akasikia kwamba shule moja ya binafsi huko Giheta inatafuta mwalimu wa Kiswahili. Ombi na picha ya cheti vitumwe kwa barua pepe, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Miaka miwili nyuma aliwahi kuomba shule hiyo hiyo, Elikana mwenyewe ndiye aliyelituma ombi lake, kwa barua pepe yake yeye Elikana, wala shule haikujibu. Alilia wiki nzima, akajiambia basi, elimu ya kambini si elimu. Sasa nafasi ilikuwa imerudi. Alimpigia mumewe akimwomba amtumie cheti tu, hata kwa simu. Elikana alisema vizuri, nitakuja nacho Jumamosi. Emerensiana akamkumbusha kwamba mwisho ni Ijumaa. Elikana akasema, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba Mungu hakosi Ijumaa nyingine.

Usingizi uligoma siku hizo mbili. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, maana mume hajatukana, hajakataa, amesema atakuja nacho. Utamshtaki mtu kama huyo kwa nani? Picha ya cheti ilikuwa mezani pake, ndani ya kompyuta anayoifuta vumbi kila asubuhi, na hakuweza kuigusa.

Ijumaa saa tatu aliifunga kompyuta ndani ya kitenge, akaenda kwa Othmani, fundi wa simu na kompyuta nyuma ya soko. Hakutaka kumwita nyumbani mume akiwa safarini. Majirani wana macho. Dukani alikuwapo Raissa, mke wa fundi, akiuza vifuniko vya simu, na Emerensiana akaketi karibu naye ili kila apitaye aone.

Othmani alisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu ripoti alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Mama Happy, hiyo rapport haiendake popote," alisema. "Inaandikwa humu humu ndani ya machine, kwa fichier, faili moja hata msimamizi mwenyewe hasomake. Muyinga itafika na nini? Na baiskeli?"

Emerensiana hakucheka. Mwaka mzima alikuwa ameogopa kitu ambacho hakikuwapo, na aliona aibu, kisha aibu ikageuka kuwa hasira.

Fundi alieleza kwamba njia ipo. Mashine ikiwa inaamka, kabla haijauliza majina, unaisimamisha kwenye orodha yake ya mwanzo, unarekebisha mstari mmoja, nayo inakufungulia ukurasa mweusi ukiwa wewe ndiye msimamizi, bila neno la siri. Ni njia iliyowekwa kwa ajili ya mwenye mashine aliyesahau. Akauliza mashine ni ya nani. Raissa akamjibu kabla ya Emerensiana: mji mzima unajua ni ya nani.

Othmani akaisimamisha. Akaanza kuandika, na maandishi yakatoka ovyo. Akafuta, akaanza upya, yakatoka vile vile. Mara ya nne mashine ikajizima na kuwaka upya. Saa nne ikapita. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri na betri ilikuwa imebaki robo.

"Clavier imevurugika," Othmani alisema, jasho likimtoka. "Mi nabonyeza A, yenyewe inatoa Q. Nabonyeza M, inatoa alama ya nini sijui. Donc hapa hatuwezi. Wacha nitafute clavier ingine lundi."

Jumatatu. Emerensiana hakuwa na Jumatatu. Hapo ndipo yale maneno ya fundi yalipomrudia kichwani: A inatoa Q. Akainama, akatazama.

Mashine haikuwa imevurugika. Mapema kiasi hicho ilikuwa haijasoma bado kwamba ina kibao cha Kifaransa, cha hapa Burundi, wanachofundishiwa kina Othmani. Ilikuwa inafuata mpangilio wa Kiingereza, ule wa Tanzania. Na mpangilio huo Emerensiana alikuwa nao vidoleni. Kambini walikuwa wanafunzi arobaini kwa kompyuta mbili, kwa hiyo mwalimu wao Urbano alimchorea kila mmoja kibao cha herufi kwenye boksi la mafuta ya msaada, wakawa wanapiga boksi hilo miezi mitatu, macho juu, kitambaa kimefunika mikono. Aliporudi Burundi walimcheka kwa kuandika polepole kwenye kibao cha Kifaransa, wakisema ana vidole vya ukimbizi. Naye aliamini.

"Niachie," alimwambia Othmani. "We nisomee tu."

Fundi akasoma, herufi kwa herufi. Emerensiana akainua macho ukutani, kwenye tangazo la vocha, na vidole vikaenda vyenyewe. Mstari ukatoka safi. Ukurasa mweusi ukafunguka, na haukumwuliza yeye ni nani. Othmani akamtajia amri ya mwisho, ile ya kuliingiza jina lake katika orodha ya walioruhusiwa. Akaiandika, akabonyeza. Mashine haikujibu chochote, na fundi akasema ikinyamaza hivyo, imekubali.

Waliiwasha upya. Akaingia kwa jina lake, akaandika amri ya kufungua folda ya Elikana, na folda ikafunguka. Saa tano na nusu.

Cheti kilikuwepo. Chini yake kulikuwa na faili mbili zenye jina la shule ya Giheta, na alizifungua akidhani ni ombi lake la zamani. Ya kwanza ilikuwa barua ya shule, ya miaka miwili iliyopita: Bi. Emerensiana amechaguliwa, afike kuanza kazi. Ya pili ilikuwa jibu. Mimi Emerensiana, kwa hiari yangu na kwa sababu za kifamilia, naomba jina langu liondolewe katika orodha. Sahihi ilikuwa yake, imekatwa kutoka kwenye karatasi nyingine na kubandikwa pale.

Alisoma mara mbili. Raissa alimwuliza kama anaumwa, akamkalisha. Alikuwa akifikiria ile wiki ya kulia, Elikana akiwa amechukua likizo, akimletea chai kitandani, akimfuta uso, akimwambia hao watu wa Giheta hawana bahati.

Betri ilisema dakika kumi na mbili. Othmani aliwasha intaneti ya simu yake bila kuulizwa. Emerensiana aliambatisha cheti, kisha akaambatisha na ile barua ya kujiondoa, akaandika chini ya ombi lake: "Barua hii ya kujiondoa sikuiandika mimi. Ninayeandika leo ni mimi." Ikaenda saa sita kasoro dakika nane.

Saa sita kamili simu ililia, na Elikana akauliza leo umeshinda ukifanya nini.

"Nimefungua folda yako," alisema Emerensiana. "Nimezisoma barua zote mbili za Giheta."

Alisikia malori ya Muyinga yakipiga honi nyuma ya mumewe, akasubiri, na moyo wake, msimcheke, ulikuwa bado unamtafutia mumewe udhuru. Labda angesema nisamehe. Labda angesema niliogopa utaniacha.

"Nani amekupa neno la siri?" Elikana aliuliza.

"Hakuna aliyenipa."

Akauliza tena, nani amekupa. Akauliza mara ya tatu, na upole ulikuwa umemwisha. Habari ya barua hakuigusa.