Wale wa Mbele

Mama Kindness anasema komando alishuka kutoka angani. Anasema alisikia ndege saa kumi na moja alfajiri, akatoka nje na khanga moja, akaona kitu cheusi kinaelea kama mwavuli juu ya kihamba chetu, shamba letu la nyumbani, kisha kimya. Anasema mbwa wetu Bosi alipuliziwa dawa, ndiyo maana hakubweka. Anasema huyo komando alikaa kwenye migomba yetu asubuhi nzima na asionekane, maana watu hao wakitaka wanageuka mgomba.

Amesimulia sokoni Kiboriloni, amesimulia nje ya kanisa baada ya ibada, na kila akisimulia ndege inazidi kuwa kubwa. Simbishii. Ni jirani mwema. Mama Ndelilio wa nyumba yetu alipougua na ng'ombe wetu amekauka, ni yeye aliyekuwa akituletea maziwa kila asubuhi bila kuombwa. Lakini mimi nilikuwepo, na nilimwona yule mtu tangu mwanzo.

Nilitoka saa kumi na mbili na nusu kwenda kukata majani ya ng'ombe. Usiku ilikuwa imenyesha, na majani makavu ya mgomba yakilowa hayalii ukiyakanyaga, kwa hiyo sikusikia kitu. Nilichoona ni kwamba Bosi hayupo mlangoni. Bosi ni mzee, haondoki mlangoni mpaka apewe chakula. Nikatazama taratibu, mgomba mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaona mkia wake unapiga chini kule karibu na mfereji. Mbwa hapigi mkia hivyo kwa mgeni. Halafu nikaona soli ya kiatu, halafu goti, na kichwa cha Bosi kimelala juu ya goti.

Uso niliufahamu kwa picha iliyopo ukutani sebuleni. Alikuwa Efraimu, mtoto wa mwisho wa nyumba ile. Bosi hakupuliziwa dawa yoyote. Ni Efraimu aliyemlea tangu hajafungua macho.

Sikupiga kelele. Niliendelea kukata majani.

Niseme kwanza mimi ni nani pale. Naitwa Flavia, kwetu ni Rombo, karibu na Mkuu. Nilipomaliza darasa la saba mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki, na nikaletwa huku Old Moshi kusaidia kazi za ndani kwa Mzee Aminieli na mkewe, Mama Ndelilio. Nilikuja na mfuko mmoja wa rambo. Usiku wa kwanza Mama Ndelilio alinipa kitanda cha binti yake aliyeolewa, akaniambia, "Hapa hakuna dada wa kazi. Niite mama." Mimi Mkatoliki, wao Walutheri, na kila Jumapili aliniamsha mapema ili niwahi misa yangu mbali. Namshukuru Mungu kwa mama yule mpaka leo nikipika, nikifua, nikifanya lolote.

Mzee naye alinifundisha kutazama. Alikuwa akinikalisha kibarazani na kuniuliza, "Kuna nini kimebadilika tangu jana?" Mwanzoni sikuona kitu. Baadaye nikawa naona: tawi la mkahawa limevunjwa, jiwe la mfereji limesogezwa, jirani kapita kwetu na gunia. Alijifunza hayo vitani. Mwaka wa sabini na tisa, jeshi letu lilipoingia Uganda, yeye alikuwa katika kundi dogo lililokuwa likitangulia. Hawakuitwa makomandoo. Waliitwa tu wale wa mbele.

Zaidi ya hapo hakuna anayejua. Aliporudi, Mama Ndelilio alimwuliza mara moja tu, "Miezi ile miwili bila hata barua ulikuwa wapi?" Mama alinihadithia mwenyewe. Alisema mumewe hakujibu, alitazama bakuli lililokuwa mbele yake mpaka chakula kikapoa. Basi mama hakuuliza tena. Alimpikia mtori wiki tatu mfululizo, ule mtori wa ndizi na nyama anaopikiwa mwanamke aliyejifungua. Majirani wakacheka, wakasema Ndelilio ana mzazi mwenye ndevu. Yeye akawaambia, "Wangu amerudi. Wako akirudi mpikie unachotaka."

Efraimu alipotaka kujiunga na jeshi, baba yake hakukataa. Alipotaka kuwa komando, alikataa. Alimwambia kazi ile inamla mtu ulimi. Efraimu akaenda. Miaka ikapita, akawa anapiga simu Krismasi, na safari nyingine hapigi.

Kisha mama akafariki, mwezi wa tano, miaka mitatu iliyopita. Simu ya Efraimu haikupatikana. Mzee alizuia mazishi siku mbili zaidi ya zilizopangwa, watu wakalala kwetu, migomba ikakatwa mpaka kihamba kikawa kama kimenyolewa. Huku kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye mwenye nyumba. Ndiye angetakiwa kusimama pale na udongo mkononi. Siku ya tatu mzee akasema, "Zikeni." Akaenda mwenyewe kumwaga udongo mahali pa mwanawe. Jioni ile akasema mbele ya ukoo, "Huyo asije tena hapa."

Efraimu alipata habari siku arobaini baadaye. Alipiga simu, mzee akaipokea, akasikia ni nani, akanirudishia bila neno.

Ndiyo maana asubuhi ile nilikata majani polepole. Nilijua mtu aliyekaa pale haogopi risasi wala nyoka, anaogopa mlango. Saa tatu nikawa nimemfikia.

"Shikamoo, kaka," nikasema huku nainama na panga.

Akaitika, "Marahaba. Umeniona saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Na sasa ni saa tatu."

"Najua."

Akacheka puani. "Miaka yote nafundishwa kujificha, nakuja kuonwa na mtu anayekata majani. Nani amekufundisha kutazama hivyo?"

"Baba yako."

Akaacha kucheka. Akaniambia alifika alfajiri kwa bodaboda mpaka kanisani, akapanda kwa miguu. Hapakuwa na ndege. Mkononi alikuwa na sale, lile jani refu la mmea tunaopanda kwenye mipaka na makaburini. Kwetu ukimkosea mtu unamtumia sale, na akiletewa hawezi kukataa kukusikiliza. Lakini huwezi kulipeleka mwenyewe. Linabebwa na mzee anayeheshimika. Lile la Efraimu lilikuwa limeanza kulegea kwa kushikwashikwa.

"Nipelekee," akasema.

"Mimi? Kaka, mimi siyo mzee, siyo wa ukoo, hata kanisa ni tofauti."

"Wazee wataniuliza maswali nisiyoweza kujibu. Wewe umekaa hapa masaa mawili na nusu na hujaniuliza hata nimekula nini."

"Umekula nini?"

"Hapo umeharibu," akasema, na akainuka kunyoosha miguu.

Hapo ndipo Mama Kindness alipotokea kuja kuazima chujio la chai. Akaona mtu mrefu anachomoza katikati ya migomba. Alirudi mbio na kandambili moja, nyingine tukampelekea jioni. Ndege nadhani aliipanda njiani akirudi kwake.

Nilimkuta mzee kibarazani anachambua maharage kwenye ungo. Nikapiga goti, nikamnyooshea sale kwa mikono miwili. Akikataa mjumbe, mambo yangeishia pale, na mimi ningekuwa nimefunga mlango ambao mama alitaka ubaki wazi.

Hakulipokea. Akaendelea kuchambua. "La nani?"

"La Efraimu, baba."

Akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa uani. "Ameshindwa kupata mzee wa kumtuma mpaka atume binti?"

"Anasema wazee watamwuliza asiyoweza kujibu."

Mkono wake ukasimama ndani ya maharage. "Na wewe?"

"Mimi siulizi, baba."

Kuku alisogea akadonoa maharage mawili kwenye ungo na mzee hakumfukuza.

"Yuko wapi?"

"Kwenye migomba, chini kidogo ya kaburi la mama. Upande wa mfereji. Tangu alfajiri."

"Pale ni pabaya," akasema. "Jua likipanda unaonekana kutoka barabarani."

Nikauliza, "Nikamwambie hivyo?"

Ndipo akalichukua lile sale mikononi mwangu. "Mwambie aje."

Efraimu alikuja na Bosi nyuma yake. Akasema shikamoo, mzee akaitika marahaba, na hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza kwa miaka mitatu. Mzee hakumkaribisha kiti. Alitangulia mpaka kaburini, akaokota udongo uliolowa, akamtilia mkononi. Efraimu akauweka juu ya kaburi. Aliuweka kama mtu anayemfunika mtoto asiamke. Mimi nikaenda jikoni, maana kuna mambo hata mtu wa kutazama hatakiwi kuyatazama.

Nilikuwa na nyama kidogo na ndizi za mtori nilizokata juzi. Nikawasha moto. Nikawasikia wamerudi kibarazani, kiti kinavutwa, kisha kingine.

"Bado mnavunja matofali kwa vichwa?" mzee akauliza. Kila mwaka tarehe tisa Desemba anaenda kwa Mama Kindness kuangalia gwaride la Uhuru kwenye runinga, na wakitokea makomandoo anaguna.

"Hiyo ni ya sikukuu, baba. Wananchi wanapenda."

"Sisi tofali tulikuwa tunalizunguka."

Nikasikia Efraimu anacheka, kicheko cha sauti kabisa.

"Tulikuwa sita," mzee akaendelea. "Raba za turubai, bisi kwenye mfuko wa suruali, dira moja ya watu wote. Amri ilikuwa, aliye nayo akianguka, mwingine aichukue kabla ya kumgeuza mwenzake. Tunakwenda, tunahesabu vifaru, tunarudi tunasema. Basi. Hatukuguswa na mtu wala hatukumgusa mtu, Mungu akisaidia."

"Siku hizi vifaru vinahesabiwa na kindege kisicho na rubani," Efraimu akasema. "Sisi tunafundishwa kuruka na mwavuli, kuogelea, kufunga jeraha, na lugha pia, ili uweze kumwambia mama wa watu asiogope, unamtoa."

"Unamtoa wapi?"

"Alikoshikwa, baba. Siku hizi kazi nyingi ni hiyo. Kuingia mahali na kutoka na watu wakiwa hai."

Mzee akalipima neno hilo. "Sisi tulitumwa kuona. Nyinyi mnatumwa kuchukua." Akavuta pumzi. "Yenu ni nzito zaidi. Mtu akishaona anaweza kukimbia."

Sikuwahi kumsikia akisema hata robo ya maneno hayo. Nilikoroga mtori huku machozi yananitoka, na si kwa moshi. Nilikuwa nashukuru tu. Nilishukuru kwa wale watu nisiowajua ambao Efraimu aliwatoa huko, sijui wapi, na kwa mzee kuzaa mtu wa namna hiyo, na kwa mimi kupewa nafasi ya kubeba lile jani.

Nilipoleta mabakuli mawili, mzee alilitazama lake, akanitazama mimi.

"Nani kakwambia upike hiki?"

"Mama. Kabla hajafa. Alisema, Efraimu akirudi mpikie mtori, baba yake ataelewa."

Mzee akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Aika, mwanangu," akasema, ndivyo tunavyoshukuru kwa Kichagga. Kisha akamgeukia Efraimu. "Huyu ndiye aliyemwosha mama yako, ndiye aliyemgeuza kitandani miezi minne. Unamwona?"

"Namwona, baba." Efraimu akainuka, akanishika mikono yote miwili, akainama kama ninavyoinama mimi kwa wazee. Sijawahi kuinamiwa na mtu. Nikamwambia akae, mtori unapoa.

Walikula kidogo. Sale lilikuwa juu ya meza kati yao. Mlima ulikuwa umejifunua, theluji yake kidogo inang'aa, na kutoka kwa Mama Kindness tulisikia akimwambia mtu habari ya mwavuli mweusi.

Mzee akaweka kijiko chini.

"Sale nimelipokea," akasema. "Chumba chako kiko vilevile. Krismasi utakaa nasi, na mbuzi utamchinja wewe. Sikudai kitu. Lakini nina ombi moja, na ni la mzee aliyebaki peke yake kitandani. Siku ile nimesimama na udongo wako mkononi, mwanangu, ulikuwa wapi?"

Upepo ukapita kwenye migomba. Bosi akajilaza juu ya miguu ya Efraimu. Mimi nilisimama na mwiko mkononi, na mzee akangoja, hakuharakisha.

Efraimu alishika bakuli kwa mikono miwili, akalitazama mpaka mtori ukapoa.