Kabla Hujawasha

…na lingekuwa limekufa kabisa angekubali, Anyesi anageuza ufunguo tena, starta inazunguka, inazunguka, gari haliwaki, lingenyamaza tu kama mwenyewe alivyonyamaza huko nyuma kwenye bodi la pikapu, ndani ya sanduku, basi angeshuka, angesema haya, mchukueni, lakini hili linazunguka, linampa tumaini halafu linamnyang'anya, na nje Shemeji Gadiel ameshaangalia saa, ameangalia na mlima, mawingu yameshuka mpaka kwenye miti, kule Olmotonyi kaburi liko wazi na udongo wa kule ukinyeshewa ni uji mtupu, "Shemeji," anasema dirishani, kwa ile sauti laini ya msibani, "tumhamishie kaka kwenye gari langu, watu wanangoja," hapana, "kidogo tu, shemeji," hapana, hapana, mara ngapi Gadiel amelicheka hili gari, akiliita debe la kaka, leo ndiyo… na wanaume tayari wameshika mishikio ya sanduku, wamesimama kama wanaongoja kushusha mbolea, Mungu nisamehe, lakini ndivyo walivyosimama, na yeye ameahidi, ameahidi hospitalini, mkono wa mume wake ukiwa mwepesi ndani ya mkono wake, Lemburis akasema nipeleke nyumbani na gari langu, uendeshe wewe, yeye ambaye hakuruhusu mtu aguse usukani huu, hata mkewe ambaye aliendesha gari la usharika kila Jumamosi, uendeshe wewe, akasema, akataka kusema na jingine… "Mama, pumzika kidogo," huyu ni Oscar fundi, kichwa kimezama kwenye boneti, "betri inachoka, imebaki ya kuwasha mara moja, labda. Moto kwenye plagi upo, nimeuona. Petroli kwenye tangi ipo. Ila haifiki kwenye kabureta. Pampu hailii kabisa," ipo ila haifiki, daktari naye alisema hivyohivyo, moyo unapiga, damu ipo, ila haifiki inakotakiwa, wote hodari wa kutaja kisichofika na hakuna wa kukifikisha, na si kwamba hajasali, amesali, kabla ya kugusa ufunguo amesali kama Lemburis alivyokuwa akisali, maana huyo mtu hakuliwasha gari hili bila kusali, ndiyo dini yake yote, kwenye mahubiri alisinzia, harambee za kanisa alizikimbia, lakini akikaa hapa aliinama mpaka paji la uso liguse usukani, mkono mmoja juu, mmoja chini, midomo inacheza, ndipo anageuza ufunguo, na Anyesi kwenye kiti cha pembeni alifumba macho pamoja naye, miaka yote ya ndoa, akasema amina, tena akina mama wa kanisani amewaambia, waombeeni waume zenu, wangu hawashi gari bila Bwana, mpaka mchungaji akalitaja madhabahuni, na Lemburis siku hiyo aliangalia viatu vyake mpaka ibada ikaisha, unyenyekevu, alidhani Anyesi, unyenyekevu… "Shemeji, mvua hiyo," mvua ndiyo, anaiona, matone ya kwanza yanagonga bati la boneti na juu ya sanduku, analowa, Lemburis wangu analowa, "Mama," Oscar amekuja dirishani anajifuta mikono, "haya magari ya zamani wazee walikuwa wanafunga swichi ya siri, inakata pampu, mwizi anazungusha starta mpaka anachoka. Mzee hakukuonyesha?" "Mzee hakuwa na siri na mimi," kwa ukali mpaka Oscar anarudi nyuma, hakuwa na siri, hakuwa, hata siku ile ya mwisho alitaka kumwambia, "Anyesi, kabla hujawasha…" na yeye akamkatiza, hodari wa kumkatiza mtu, "najua, baba Nancy, nitasali," na Lemburis akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, mpaka nesi akaja, na neno lile halikurudi tena, amewasimulia waombolezaji wote, alilala na kicheko, alikuwa na amani… mkono mmoja juu, mmoja chini. Yesu wangu. Nani anasali na mkono chini ya kiti? Lemburis wewe, Lemburis, umeniacha niseme amina kwa swichi, miaka yote, mbele ya kanisa zima, na kicheko kinampanda kifuani pamoja na kilio, hajui kipi kitangulie, anataka kwenda kuligonga lile sanduku kwa ngumi, maana asipopapasa, Gadiel anamchukua na ahadi imekufa, na akipapasa akaikuta, basi hata yale maombi ameyazika leo, mume na sala zake siku moja, "Haya, inueni," anasema Gadiel, wanaume wanainua, na Anyesi anainama, hana pengine pa kwenda, paji la uso kwenye usukani, harufu ya ugoro wake bado ipo hapa, mkono wa kulia unashuka chini ya kiti, "Ngojeni, anasali," sauti ya mwanamke, wanalishusha sanduku taratibu, kofia zinatoka vichwani, na ya Gadiel, mvua inawanyeshea kimya kimya, na kidole kinafika, ipo, kijichuma kidogo, kimelainika kwa kuguswa, na midomo, mbona midomo yake ilicheza, swichi haihitaji midomo… halafu anasikia midomo yake mwenyewe inacheza, hakuiagiza, liwake, Bwana, gari lenyewe unalijua, liwake leo tu, ni maneno ya Lemburis haya, nani mwingine angezungumza na Mungu namna hii, na kidole kiko palepale, hajabonyeza, anangoja baba Nancy amalize ili aseme amina.