Miguu ya Korongo wa Bwawani

Tangu waliposhuka kwenye basi, Njiti alitembea kama mtu anayepelekwa mahakamani huku kashikwa mkono na shahidi wa upande wa pili. Shahidi mwenyewe alikuwa Mkunga, mama mjane aliyezalisha nusu ya mji ule, na Njiti alitaka kumuoa kuliko alivyopata kutaka kitu chochote tangu azaliwe.

Kosa alilifanya kwenye foleni ya dirisha la dawa. Mkunga aliitazama miguu yake, mirefu na myembamba, akacheka. "Mzee, hii umeazima kwa ndege gani?"

Mtu mwingine angecheka naye yakaisha. Njiti akasema aliyeazima ni ndege: yule korongo wa chuma kwenye bustani ya bwawani. Mchongaji alimpima yeye, miguu yote miwili, kwa uzi, kutwa nzima, enzi zile alipokuwa tarishi wa kupeleka mafaili ofisi hadi ofisi, kwa mwendo wa kuyaacha magari nyuma. Korongo mwenyewe, Njiti hakuwahi kumtia machoni. Alisikia habari zake redioni tu.

Siku moja kabla ya safari hii, Mkunga akapiga simu. "Kesho twende nikaione hiyo miguu. Kuingia ni bure. Marehemu mume wangu alikuwa mwongo, nimemzika na uongo wake wote. Nikiridhika, Jumapili nakupeleka kwa kaka yangu ukajitambulishe. Nisiporidhika, tusijuane."

Bustani haikuwa na geti wala mlinzi. Bwawa lilikuwa la duara, na katikati yake alisimama korongo: mabawa ya vijiko, shingo ya minyororo ya baiskeli. Njiti akatazama chini ya tumbo la yule ndege.

Korongo alikuwa na mguu mmoja.

"Ulisema miwili," Mkunga akasema.

"Wa pili kaukunja, Mama."

"Kaukunjia wapi?" Akalizunguka bwawa taratibu, macho kayakaza, kama anavyozunguka kitanda cha mzazi. Tumbo la ndege lilikuwa laini kama kitako cha sufuria. "Na huu mmoja ni bomba la maji. Naona mpaka pale pa kufungia koki."

"Sanaa hiyo. Wanaanza na mtu, wanamalizia na bomba."

Mkunga akageuka. Alikuwa amemwona mtunza bustani akija na reki yake. "Kaka, samahani. Huyu bwana unamfahamu?"

Nyuma ya mgongo wake, Njiti akapandisha suruali, akanyooshea mguu wake kidole, akamnyooshea ndege, kisha akakutanisha viganja kuomba. Mtunza bustani, mwanamume mwenye huruma, akaelewa.

"Huyu? Nani asiyemjua! Si ndiye mwenye miguu?"

Njiti akashusha pumzi. Laiti jamaa angeishia hapo! Lakini utamu ulishamkolea. "Yule mama mchongaji alikuwa hatulii bila yeye. Kila asubuhi, 'Miguu yangu imefika?' Siku ya kuagana alimkumbatia hapahapa, mpaka sisi tukageukia maua."

"Mama mchongaji," Mkunga akasema kwa sauti ya chini. "Hukuniambia ni mama."

Hapo Njiti akabanwa kotekote. Akikubali, ana hawara. Akikana, ni mwongo. Kichwani maneno yalishaanza kusukumana: mchongaji alikuwa bibi kizee, hapana, alikuwa shangazi yake, hapana, alikuwa kipofu! Ndipo akahisi mkono wa Mkunga ukiachia wake na kwenda kushika mkoba.

"Hakuna mama," akasema. "Sikupimwa na mtu. Huyu kaka simjui. Na ndege mwenyewe ndiyo kwanza namwona leo."

"Mimi nina maua yangu," akasema mtunza bustani, akapotea.

Vijiko vya ndege vikagongana kwa upepo, Mkunga akaubana mkoba kwapani. "Vua viatu."

"Eh?"

"Kunja suruali, ingia majini."

"Maji ya baridi haya, Mama."

"Wanawake nawaambia sukuma, wanasukuma. Ingia!"

Akaingia. Chini palikuwa na ukoga unaoteleza kama sabuni. Akasimama kando ya korongo, watu wakaanza kusogea na simu zao.

"Mguu mmoja," Mkunga akaamuru. Akaunyanyua. "Haya, uongo mwingine upi?"

"Umri. Nilijipunguzia."

"Mwingine?"

"Meno ya mbele si yangu."

"Hayo nayajua. Mwingine?"

Mguu ulikuwa unatetemeka, maji yanacheza. Njiti akatafuta, akatafuta. "Mwingine siukumbuki, wallahi. Ila la kutaka kukuoa halimo."

Mkunga akaupima mguu wa Njiti kwa macho kuanzia kifundo hadi goti, akaupima wa ndege, akarudi kwake. Hakucheka. Njiti akayumba, akaning'inia kwenye shingo ya korongo, vijiko vyote vikapiga kelele.

"Kaka yangu anakaa ghorofa ya nne, na lifti hakuna," Mkunga akasema, akiokota viatu vya Njiti. "Jumapili uje na yote miwili."