Sauti Iliyokwenda Kufundisha

Video ya moyo iliyonunuliwa na shule ilikuwa inaishia upande wa kulia. Damu iliingia chumba cha juu, ikashuka chumba cha chini, ikaelekea mapafuni, na hapo kioo kikawa cheusi na maandishi yakamtaka mtazamaji alipie ili aendelee. Mkuu wa shule alikuwa amelipia sehemu ya kwanza tu, kwa sababu, kama alivyosema kikaoni, mwanafunzi mwenye bidii hashindwi kukisia sehemu ya pili. Hivyo kikapita kizazi kizima kilichoujua moyo upande mmoja, na baadhi yao walikwenda kusomea udaktari.

Mwalimu wa bayolojia ndiye aliyechoka. Wanafunzi walimwita Mama Figo tangu mwaka ule alipoingia kwenye somo la figo na kukataa kutoka mpaka kila mtu aelewe. Jumamosi moja alinunua moyo wa ng'ombe buchani, akauweka kwenye sahani jikoni kwake, akaegemeza simu kwenye kopo la unga, akaanza kuupasua huku akieleza. Alisema moyo una vyumba vinne na hakuna hata kimoja cha kupangisha. Aliucheka utani wake mwenyewe, akaendelea.

Mama yake mzazi, aliyekuwa amepoteza macho uzeeni, alikuwa chumba cha pili. Alikuwa amezimiwa redio kwa ajili ya kazi hiyo, na hakulipenda jambo hilo.

"Unaongea na nani huko?" aliuliza.

"Na wanafunzi, mama."

"Leo Jumamosi."

"Subiri kidogo, mama, nimalize."

Yote hayo yaliingia kwenye rekodi, pamoja na kikohozi kilicholetwa na vumbi la unga.

Kilichobaki kilikuwa mapigo yenyewe, maana moyo wa buchani haupigi. Mama Figo alitafuta mtandaoni. Vingi alivyovikuta vilikuwa kama kuku wa jirani: unamwona, unamsikia, lakini ukimshika ni kesi. Mwishowe akapata sauti iliyowekwa kwa leseni huria na muuguzi mmoja wa nchi ambayo Mama Figo hajawahi kuikanyaga. "Haya ni mapigo ya mume wangu," muuguzi alikuwa ameandika. "Tumia, badilisha, gawa upendavyo. Nitaje tu." Mama Figo aliona hiyo ni bei nafuu. Kumtaja mtu hakumalizi mate.

Akaunganisha sauti na picha. Mwishoni akasema jina lake, akasema jina la muuguzi, akarudia sharti lile lile: tumia, badilisha, gawa, ila ututaje. Akaipandisha mtandaoni, akamfungulia mama redio yake.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mwalimu mmoja wa viziwi aliongeza lugha ya alama, akamtaja. Mwingine aliifupisha kwa ajili ya watoto wadogo, naye akamtaja. Kila video ilipochezwa mahali fulani na majina yakasomwa, Mama Figo alihisi joto kidogo kooni, kama mtu aliyemeza chai. Yeye alidhani ni chai.

Kisha video ikaonwa na Kituo cha Nyenzo za Kufundishia. Kazi ya Kituo ilikuwa kuwahudumia walimu, na kilipopata nafasi kiliwahudumia. Wataalamu wake waliondoa mazungumzo na mama, wakaondoa kikohozi, wakaondoa majina yote mawili pamoja na sharti, wakabandika nembo ya Kituo yenye kitabu kinachowaka moto, wakaongeza muziki wa kinanda, wakaiuzia kila shule kwa malipo ya kila mwezi. Shule ya Mama Figo ilikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza. Mkuu wa shule aliwatangazia walimu kwamba hatimaye imepatikana video yenye upande wa kushoto, na kwamba imetengenezwa na watu wanaojua kazi yao. Mama Figo alinyoosha mkono. Mkuu akasema maswali mwishoni, na mwisho haukufika.

Jumatatu iliyofuata Mama Figo alikuwa darasani akifundisha mmeng'enyo wa chakula. "Tumbo likishapokea chakula," alisema, na sauti ikaondoka. Haikukauka wala kukwama. Iliondoka kama mtu aliyeitwa nje. Alifungua mdomo, akaufunga. Ng'ambo ya ukumbi, katika darasa ambalo mkuu alikuwa akizindua video mpya, ilisikika ikisema kwamba moyo una vyumba vinne na hakuna hata kimoja cha kupangisha. Wanafunzi wa kule walicheka. Wa huku walisubiri, kalamu mkononi. Video ilipokwisha, sauti ikarudi ukumbini, ikapita mlangoni, ikamaliza: "hukisaga mpaka kiwe kama uji."

Wanafunzi wakaandika. Mmoja akauliza kama uji utakuwemo kwenye mtihani.

Wakati wa chai alimweleza mwalimu wa jiografia, mtu mpole aliyekuwa akikaribia kustaafu. Yeye alimsikiliza huku akikoroga kikombe ambacho sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Hao ni Kituo," alisema. "Mimi walinichukulia mvua."

Aliwahi kurekodi mvua kwenye bati la nyumba yake kwa ajili ya somo la hali ya hewa, akaiweka huria, na Kituo kikaichukua bila kumtaja. Tangu hapo mvua ikinyesha kwake hainyeshi kwa sauti. Bati linalowa kimya kimya, na mke wake huwa anajua tu kwamba imenyesha anapokuta nguo zinachuruzika kwenye kamba.

"Hukulalamika?"

"Niliwaandikia. Wakaniletea kalenda."

Kadiri shule zilivyojiunga, ndivyo sauti ya Mama Figo ilivyopungua nyumbani na kazini. Asubuhi haikuwepo kabisa. Mchana ilipita kusalimia. Alijifunza kufundisha kwa chaki, kwa vidole na kwa macho, na wanafunzi wake walimwelewa, lakini mkuu wa shule alimwita ofisini kumwonya kuhusu ukimya wake darasani. Alimshauri aitazame ile video ya moyo ili aone mwalimu anavyopaswa kuzungumza. Mama Figo alitaka kumjibu. Saa hiyo shule nyingi zilikuwa na kipindi cha bayolojia.

Kwa mama ndiko kulikouma zaidi. Mama alikuwa akimtambua mwanawe kwa sauti. Siku ya kwanza Mama Figo alipofungua mlango bila kusema hodi, mama alikaa wima kwenye kiti.

"Nani hapo?"

Hakujibiwa.

"Basi, mwizi," mama alisema kwa utulivu, "redio iko juu ya kabati, lakini betri zimekwisha."

Mama Figo akaenda kumshika mkono. Mama akaupapasa, akafika kwenye kidole chenye kovu la kisu.

"Mkono ni wa mwanangu. Sauti iko wapi?"

Walikaa hivyo, mkono kwa mkono, mpaka kipindi cha mwisho kilipokwisha huko kilikokuwa.

"Ipo kazini, mama," Mama Figo alisema ilipofika.

"Wanakulipa?"

"Hapana."

"Basi waambie iwe inatoka mapema."

Wiki hiyo Mama Figo alimwandikia muuguzi kumwomba radhi kwamba jina lake limeondolewa, ingawa si yeye aliyeliondoa. Muuguzi alijibu siku hiyo hiyo. "Usijali, dada," aliandika. "Tulijua tu kwamba kuna mtu ameyachukua mapigo, maana saa za masomo moyo wa mume wangu huwa haupo. Anajilaza kwenye kochi mpaka urudi. Tumezoea. Ila siku hizi za marudio kabla ya mitihani ni ndefu, na midomo yake inageuka rangi. Kama unaweza kuwaambia watutaje, tutashukuru. Kama haiwezekani pia tunaelewa, watoto lazima wasome."

Mama Figo alisoma ujumbe ule akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa. Kuikosa sauti yake mwenyewe angeweza kukuvumilia. Kesho yake aliomba ruhusa, akaenda Kituoni.

Alifika milango haijafunguliwa, sauti ikiwa ingali naye. Akaandikishwa getini, akaandikishwa mapokezi, akaambiwa akae. Ukutani palikuwa na bango lililosema elimu ni ya wote, na chini yake jinsi ya kulipia. Alipoitwa ilikuwa saa nne, shule zote ziko madarasani.

Afisa Maudhui alikuwa mama wa makamo mwenye suti safi na bakuli la peremende zenye nembo. Alimkaribisha vizuri.

"Nimekuja kwa ajili ya video ya moyo," Mama Figo alianza. "Ile ni kazi yangu, na mlipoondoa..."

Sauti ikaondoka.

"Ehe," alisema afisa. "Tulipoondoa."

Mama Figo akajaribu kusafisha koo, na kikohozi kikatoka. Hapo akagundua jambo. Kikohozi kilikuwa kimekatwa kwenye video, kwa hiyo hakikuwa na pa kwenda kufanya kazi. Akatafuta kooni kuona kama kuna kingine kilichobaki.

"Subiri kidogo, mama, nimalize," alisema, kwa sauti ile ile ya jikoni.

"Sina haraka, mwalimu."

Akataja jina lake. Lilitoka vizuri. Akataja la muuguzi, nalo likatoka. "Tumia, badilisha, gawa, ila ututaje," akasema. Zaidi ya hayo hapakuwa na kitu. Alichokuwa nacho ni kile tu ambacho Kituo hakikukihitaji.

Afisa alitikisa kichwa kwa huruma iliyofundishwa kwenye semina. Alieleza kwamba majina yaliondolewa baada ya utafiti. Majina huwachanganya wanafunzi. Leo utamtaja mwalimu, kesho utamtaja muuguzi, keshokutwa mume wa muuguzi, na mwisho wa yote ng'ombe naye atadai haki yake. Isitoshe, yalikuwa yanaiziba nembo.

Mama Figo akataja majina tena.

"Nimekusikia, mwalimu. Na hilo la sauti si geni kwetu. Kuna bwana mmoja tulichukua picha za shamba lake, siku hizi analima kwa kupapasa. Tunayapokea maoni yote."

Mama Figo akamwonyesha ujumbe wa muuguzi kwenye simu. Afisa aliusoma mpaka mwisho. Kwa muda mfupi mkono wake ulikwenda kwenye kifua chake mwenyewe, ukakaa hapo, kisha ukashuka kuchukua peremende.

"Pole yake," alisema. "Lakini hapa anasema wameshazoea."

Mama Figo alitaja jina la muuguzi mara nyingine, polepole, kama mtu anayemwita aliye mbali. Afisa akaona kwamba mgeni hana hoja mpya, akamwahidi kulifikisha jambo kwenye kamati. Akamsindikiza mpaka mlangoni, akampa kalenda. Sauti ilimkuta Mama Figo getini. Mlinzi ndiye aliyeyasikia yote aliyokuja kuyasema, neno kwa neno, na alikiri kwamba yana ukweli. Akamshauri arudi siku nyingine, kwa kuwa ofisi imekwenda kula.

Kamati ilikaa. Toleo jipya la video lilipotoka, lilikuwa na maneno mapya chini ya nembo, kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa: Tunawashukuru wadau mbalimbali. Sauti ya Mama Figo haikubadili ratiba. Muuguzi aliandika kwamba tangu shukrani zile zitoke, mume wake hupata pigo moja katikati ya somo, na kwamba si haba. Mwaka huo Kituo kilipewa tuzo ya uwazi. Mkurugenzi wake aliipokea kwa hotuba fupi, na katika hotuba hiyo alisema moyo una vyumba vinne na hakuna hata kimoja cha kupangisha. Ukumbi ulicheka sana.

Mama Figo aliendelea kufundisha kwa chaki. Wanafunzi wake walifaulu, na ufaulu huo ulihesabiwa kuwa matunda ya video. Sauti sasa ilikuwa inarudi jioni kabisa, imechoka, haina hamu ya mazungumzo, na muhula ulipokaribia mwisho wanafunzi walianza kuicheza video majumbani, hata jioni ikaisha.

Siku moja wakala wa Kituo alipita nyumba kwa nyumba akiuza somo kwa wazazi. Alimkuta mama peke yake sebuleni. Mama aliuliza maswali machache, akamwelekeza wakala kwenye mkoba wake, akajisajili. Baadaye ujumbe uliingia kwenye simu yake ukimkaribisha katika familia ya wadau.

Mama Figo aliporudi kutoka kazini aliikuta sauti yake nyumbani kabla yake. Mama alikuwa ameweka simu mapajani, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Usikasirike," mama alisema bila kugeuka. "Kama haiji nyumbani, na niifuate iliko."

Mama Figo akavua viatu, akaketi kando yake. Walisikiliza pamoja damu ikiingia upande wa kushoto. Mama alicheka penye kucheka, kisha akasogeza mdomo karibu na simu, kama afanyavyo mzee mwenye adabu anapozungumza na mtu wa mbali.

"Umekula, mwanangu?"

Simu ikamjibu kwamba vali huizuia damu isirudi ilikotoka. Mama akaitikia kwamba ni vizuri, akauliza na kazi inaendaje, na Mama Figo akainuka kwenda kumwekea chakula.